Access point niliyofunga Newala, na ripoti iliyomsimamisha Mama Nuru kazi

Wakuu, salaam kwenu nyote, mafundi wa jukwaa hili na hata wale mliopotea njia mkajikuta humu.

Juzi kuna mwenzetu alianzisha uzi, wifi ya ofisini kwao inakata hovyo. Wachangiaji wakamwambia abadilishe channel, wengine abadilishe router, na mmoja akamshauri amfukuze dada wa mapokezi kwa sababu "lazima ndiye anayechezea". Huyo wa mwisho akapewa like kuliko wote.

Zile like ziliniuma. Maana na mimi niliwahi kuandika kitu cha namna hiyo, tena si kwenye jukwaa. Niliandika kwenye karatasi, nikaweka sahihi, na mwanamke mmoja akasimamishwa kazi.

Kwa hiyo leo naeleza kama ilivyokuwa. Chumvi sijatia. Na pale ambapo nitaonekana mjinga, mjue ndivyo nilivyokuwa.

Mimi ni mtu wa Masasi, kwetu hasa Chiwata.

Nazungumzia ile miaka soko huria limekolea. Wanunuzi binafsi wa korosho wanapishana vijijini na mizani zao, makampuni ya simu ndiyo yanaanza kusimika minara huku kusini, na ukiwa na simu ya mkononi ilibidi ujue ni kichuguu gani ukisimama juu yake unashika network.

Pale Masasi mjini nilikuwa nasimamia internet cafe ya kompyuta sita. Ukibonyeza Enter unaweza kwenda kunywa chai na chapati mbili, ukarudi ukakuta page bado inajifungua kidogo kidogo. Nilikuwa nimesoma kozi ya network miezi michache Dar, basi mjini nikawa naitwa injinia. Na mimi sikukataa.

Siku moja nikaitwa Newala.

Kulikuwa na shirika moja la wakulima (jina naliacha, na watu wake nimewabadilisha majina). Lilikuwa na ofisi pale mjini na dishi la satelaiti juu ya paa. Internet ipo ofisini. Lakini chumba cha kompyuta cha wakulima na walimu kilikuwa upande wa pili wa uwanja, kwenye ghala la zamani la korosho lililobaki tupu tangu wanunuzi wapya waanze kubeba mzigo moja kwa moja kutoka vijijini.

Kati ya ofisi na ghala ni kama mita mia na hamsini. Waya wa kawaida wa network mwisho wake mia. Nikamwambia mratibu wa shirika kwamba hapa ni wireless tu. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufanya kazi hiyo mara ishirini. Nilikuwa sijaifanya hata mara moja.

Access point mbili, vile visanduku vya kurushia wifi, zikaletwa kutoka Dar. Kwa wasiojua, kazi yenyewe ni hivi: moja unaifunga ofisini kwenye internet, irushe. Nyingine unaifunga ghalani, ipokee, halafu kutoka hapo unapeleka waya kwenye kompyuta. Ukisoma kwenye kitabu chake ni kazi ya asubuhi moja.

Ilinichukua siku mbili.

Zote mbili zimetoka kiwandani na anwani moja, 192.168.1.1. Mimi nikazichomeka kwenye switch moja, kile kisanduku cha kuunganishia waya za network, nikaziwasha pamoja. Naingia kwenye settings, nabadilisha jina la mtandao, narudi nakuta jina la zamani. Nabadilisha tena. Nusu siku nzima naongea na mashine mbili nikidhani ni moja. Jasho linanitoka, na mratibu anapita kila baada ya muda kuuliza, vipi injinia?

Aliyenikwamua ni Mama Nuru.

Mama Nuru ndiye alikuwa msimamizi wa kile chumba. Mmakonde wa Chilangala, amenizidi kama miaka kumi na mitano, shikamoo yake nilikuwa naitoa kabla sijaweka begi chini. Pale Newala mjini alipanga chumba yeye na wanawe wawili, na mshahara wa pale ndio uliokuwa unawaweka shule.

Kompyuta hakuisomea popote, alijifunzia pale pale. Lakini alikuwa na counter book, na kila kitu anaandika. Nani ameingia, ametoka kijiji gani, ametafuta nini, umeme umekatika saa ngapi, mtandao umeondoka saa ngapi. Mwandiko mzuri, mistari haipandi wala haishuki.

Aliniangalia nikihangaika, kisha akauliza kwa upole kwa nini nisiwashe moja kwanza, niimalize, niizime, ndipo niwashe nyingine.

Nikamwambia ndicho nilichokuwa nataka kufanya.

Hata ile password ndefu ya WEP, ulinzi wa wifi wa wakati ule, herufi na tarakimu ishirini na sita, yeye ndiye alinisomea mimi nikachapa. Nilikosea mara mbili. Yeye hakukosea.

Sasa likaja suala la mahali pa kufunga. Ofisini nikaifunga kwenye kona ya ukuta chini ya paa, antena inatazama ghalani. Ghalani nikaifunga juu ya mlango.

Katikati ya uwanja kulikuwa na tangi jipya la plastiki, jeusi, lita elfu tano, limekaa juu ya kimnara cha matofali. Shirika lilikuwa limelisimika wiki ile ile kwa ajili ya kitalu cha miche ya mikorosho. Lilikuwa katikati kabisa ya njia yangu.

Nikapanda ngazi nikaligonga kwa ngumi, likalia kama ngoma. Nikasema plastiki hii, mawimbi yanapita.

Na kweli yalipita. Signal nzuri, ping (vile vijumbe vya kupimia njia) zinarudi zote, page zikafunguka ghalani kwa mara ya kwanza. Mama Nuru akaandika kwenye kitabu chake saa na dakika. Mratibu akanipa mkono. Nikateremka Masasi nimekaa kiti cha mbele kwenye Land Rover ya shirika kama bwana harusi.

Wiki mbili hazikuisha, simu. Mratibu anasema mtandao wa ghalani umekufa tangu jana mchana.

Kesho yake nikaupanda mlima wa Newala. Nafika, nakuta mtandao upo. Unafanya kazi kama vile hakuna kilichotokea.

Nikakaa saa nzima napiga ping, hakuna hata moja iliyopotea. Nikabadilisha channel kutoka sita kwenda kumi na moja, ili nionekane nimefanya kitu. Nikarudi Masasi.

Siku kama kumi, simu tena. Napanda, nakuta mtandao mzima. Nikaweka programu mpya kwenye zile mashine, nikabadilisha waya, nikasafisha hata vumbi. Nikateremka. Ikakata tena.

Wakuu, nilichanganyikiwa. Kitu kikiharibika moja kwa moja unashukuru, unajua unachotafuta. Hiki kilikuwa kinaharibika mimi nikiwa Masasi na kupona mimi nikiwa njiani. Nilimshuku fundi wa kuchomelea mageti wa jirani. Nikashuku umeme kuwa mdogo. Nikashuku joto la bati. Nilishuku hata popo wa ghalani.

Usingizi ulikuwa unakatika, naota taa za kijani zinawaka na kuzima.

Ile safari ya pili, wakati nafuta vumbi, Mama Nuru aliniambia kitu. Alisema, "Fundi, mimi naona mtandao huu unaondoka siku ya maji."

Ambao hamjakaa kule juu niwaeleze. Newala ipo juu ya uwanda, na maji yapo chini bondeni. Maji ya bomba yanasukumwa mpaka juu na yanakuja kwa mgao, mtaa kwa mtaa. Wenye bati wanavuna ya mvua kwenye visima vya chini, lakini kiangazi kikikolea visima vile vinakauka. Kwa hiyo mgao ukifika mtaani kwenu, kila kitu kinasimama. Muuza duka anafunga, mwalimu anamaliza kipindi mapema, watu wote wako bombani na ndoo zao. Ukiikosa siku hiyo, utasubiri wiki nzima au zaidi, au ushuke bondeni na kurudi na ndoo kichwani.

Hiyo ndiyo siku ya maji. Mimi wa Chiwata, chini ya mlima, kwetu tunachimba kidogo tunapata. Habari za maji ya Newala nilikuwa nazisikia tu.

Basi nikacheka. Nikamwambia, "Mama, mtandao ni mawimbi ya hewani. Hauna habari na bomba." Na kwa kuwa mimi ni Myao na yeye Mmakonde, ni watani, nikaongeza kwamba Wamakonde wakiona maji wanasahau hata majina yao. Akacheka, akanirudishia na ya kwangu kuhusu Wayao, akageukia kitabu chake.

Sikuliwaza tena lile neno.

Safari ya tatu mratibu aliniita ofisini kwake, akafunga mlango.

Alikuwa si mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alikuwa na wakulima wanaotembea kutoka mbali kuja kutazama bei ya korosho kabla hawajauza, wanakuta kompyuta hazina kitu, wanamlaumu yeye.

Juu ya meza alikuwa ameweka vitabu viwili. Kimoja counter book ya Mama Nuru, kingine daftari la mahudhurio ya wafanyakazi. Kote kote amezungushia duara kwa kalamu nyekundu.

Akaniambia nitazame mwenyewe. Nikatazama. Kila siku ambayo mtandao uliondoka, saa saba, saa saba na nusu, Mama Nuru aliondoka kazini saa nane. Siku ambazo mtandao ulikuwa mzima, aliondoka saa tisa na nusu kama kawaida. Hakuna siku iliyopishana.

"Anazima mashine ili awahi bombani," mratibu akasema. "Wakulima wakiwa ndani hawezi kufunga chumba. Akiua mtandao wanaondoka wenyewe."

Na mimi, wakuu, badala ya kushtuka, nilipata nafuu. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Moyo ulitulia kabisa. Maana kama ni yeye, basi si mimi.

Akaniuliza kama vifaa vina hitilafu. Nikasema havina. Akaniomba niandike. Nikaandika mistari miwili: "Vifaa viko sawa. Tatizo linaonekana kuwa la matumizi." Nikaweka sahihi, na chini yake nikaandika "Mtaalamu wa mtandao".

Mama Nuru sikumuuliza hata swali moja.

Wakati natoka nilimkuta mlangoni mwa ghala anamwelekeza mwalimu mmoja. Akaniuliza kama nimeliona tatizo. Nikamjibu bado tunaangalia, nikaangalia chini, nikaenda kupanda gari.

Baada ya siku chache mratibu akanipigia. Mama Nuru amepewa barua, amesimamishwa mpaka kamati ikae, na kamati ikikaa atatolewa. Akaniomba nipande nishike kile chumba siku mbili tatu, halafu nimfundishe atakayechukua nafasi yake.

Nikapanda. Nikakaa kwenye meza yake. Droo ilikuwa na kalamu tatu na rula, zimepangwa.

Siku ya kwanza mtandao mzima. Nikajiambia, unaona sasa.

Siku ya pili, yapata saa sita, nikasikia kelele barabarani. Ndoo zinagongana, watu wanaitana. Maji yamekuja. Ofisini wakatoka karibu wote, akina mama wa uhasibu, karani, na mratibu mwenyewe akamtuma dereva na madumu manane. Hakuna aliyeandikwa popote kwamba ametoka mapema.

Nilibaki ghalani na wakulima wawili wanaangalia bei. Kwenye laptop nilikuwa nimeacha ping inaendelea, kuipiga ofisini. Inarudi kwa milisekunde tatu, nne, tatu.

Ilipofika saa saba ikaanza arobaini. Mia mbili. Halafu ikaandika Request timed out, yaani jibu halijarudi. Tena. Tena. Ukurasa wote.

Niligeuka kutazama kiti cha Mama Nuru, halafu nikakumbuka nimekikalia mimi.

Nikatoka mbio mpaka ofisini, mashine inawaka taa zote, hakuna aliyeigusa. Nikarudi ghalani, hivyo hivyo. Nikasimama katikati ya uwanja nimeshika kiuno, sielewi chochote, jua la saa saba kichwani.

Ndipo nikasikia maji yanamwagika. Yalikuwa yanaingia kwenye tangi. Mzee Chitanda, mtunza kitalu, alikuwa juu ya ngazi anachungulia ndani, akasema bila kuniangalia kwamba leo limejaa mapema.

Na sauti ya Mama Nuru ikanijia kama vile amesimama nyuma yangu. Mtandao huu unaondoka siku ya maji.

Nikamwomba Mzee Chitanda ashuke, nikapanda mimi. Nikaweka mkono kwenye tangi. Juu kabisa lilikuwa la moto, plastiki nyeusi inayokaa juani. Nikashusha mkono kidogo. Baridi. Nikapandisha, moto. Nikashusha, baridi. Kile kiganja kilikuwa kinanionyesha maji yamefika wapi. Nikageuza shingo nikatazama antena ya ofisini, nikageuza huku nikatazama ile ya ghalani. Mstari kutoka moja kwenda nyingine ulikuwa unapita pale penye baridi, katikati ya maji.

Mawimbi ya wifi hayapiti kwenye maji mengi, wakuu. Maji yanayameza. Microwave ya kupashia chakula inatumia mawimbi ya namna ile ile, na kinachopata moto ndani yake hasa ni maji ya chakula. Hili nilikuwa nimelisoma Dar. Lilikuwa kwenye daftari langu.

Siku niliyofunga, tangi lilikuwa tupu, ndiyo maana lililia kama ngoma. Maji yakija linajaa, mtandao unakufa. Kitalu kikimwagiliwa siku moja mbili, maji yanashuka chini ya ule mstari, mtandao unarudi. Wakati huo ndipo mimi nilikuwa nafika kutoka Masasi na begi langu.

Nikamwomba Mzee Chitanda afungulie kidogo nihakikishe. Akaniangalia kama mtu niliyemwomba amchinje mwanawe. Akasema maji yale ni ya siku kumi, hawezi kuyamwaga kwa ajili ya mashine. Sikubishana. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeelewa siku ya maji ni nini.

Basi nikachukua ngazi, nikaing'oa access point ya ofisini kwenye ile kona, nikaisogeza mpaka kwenye boriti iliyotokeza upande wa kushoto, ikaona ghala bila kupita kwenye tangi. Nikarudi kwenye laptop.

Milisekunde tatu. Nne. Tatu. Tangi limejaa mpaka mdomoni.

Hatua sita kutoka ile kona mpaka kwenye boriti. Nilizihesabu. Mtu alisimamishwa kazi kwa hatua sita.

Nilikwenda kwa mratibu hata mikono sijanawa. Nikamweleza. Akafungua droo, akatoa ile counter book. Tukaisoma pamoja, safari hii mstari mzima, si yale maduara tu.

"Maji yamekuja saa sita. Mtandao umeondoka saa saba na dakika kumi. Wakulima wanne wamerudi. Nimefunga saa nane, nimemuaga mlinzi."

Na siku mbili mbele: "Mzee Chitanda amemwagilia miche. Mtandao umerudi saa nne."

Ukurasa baada ya ukurasa. Kila mara neno maji limeandikwa. Alikuwa hajaficha kwamba anatoka saa nane, ameandika mwenyewe. Kile tulichokigeuza ushahidi wa kumfukuza ndicho kilikuwa jibu.

Mratibu akavua miwani. Akasema, "Nilisoma saa tu."

Mimi hata hizo saa nilisoma kwa sababu zilikuwa zimezungushiwa duara.

Kesho yake nikachapa ripoti mpya nakala mbili, mratibu akaandika barua ya kumrudisha. Alitaka kumtuma dereva. Nikaomba nipeleke mimi.

Mama Nuru alikuwa amerudi kwao Chilangala na wanawe. Ulikuwa msimu wa korosho, nikamkuta na mama yake mzazi chini ya mikorosho wanatenganisha korosho na mabibo, yale matunda yake yenye utomvu, harufu yake imejaa shamba zima. Nikatoa shikamoo zote mbili. Wakaitikia marahaba. Mama Nuru hakuinuka.

Lakini nilipewa kigoda. Na yule bibi akaniletea maji ya kunywa, kikombe kimejaa mpaka juu. Nilijua kikombe kile kimepanda mlima kwa kichwa cha nani. Yalinishinda kuyameza.

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea, nikabaki kusema nilikosea, nilikosea. Nikampa ripoti.

Akafuta mkono kwenye kanga, akaisoma taratibu kama anavyosoma kila kitu. Alipofika mstari wa tatu akasimama. Mstari ule nilikuwa nimeuandika hivi: "Baada ya uchunguzi, mtaalamu amegundua kwamba mtandao hukatika tangi linapojaa maji."

Akaweka kidole juu ya neno mtaalamu.

"Nani amegundua?"

Nikatoa kalamu nikampa. Hakuipokea.

"Andika wewe," akasema.

Nikaweka karatasi kwenye goti. Nikakata ule mstari, nikaandika juu yake kwa mkono: "Mama Nuru, msimamizi wa chumba cha kompyuta, aligundua tangu mwanzo na akaandika kila mara. Mtaalamu aliambiwa, hakusikiliza." Nikafanya hivyo kwenye nakala zote mbili. Akasoma tena, akakunja moja, akasema hiyo ataipeleka kwa mratibu mwenyewe. Nyingine akanirudishia nibaki nayo.

Jumatatu alikuwa kazini. Wiki iliyofuata mlango wa ghala ulibandikwa tangazo lenye sahihi ya mratibu: siku ya maji kituo kinafungwa saa nane. Mwandiko mzuri, mistari haipandi wala haishuki.

Utani wetu ulirudi, ila ulichukua muda, na kwenye simu yake nimeandikwa "Matumizi" mpaka leo. Nikipiga anapokea anacheka kwanza.

Nimefunga mitandao mingi tangu wakati huo, Masasi, Lukuledi, mpaka Mtwara mjini. Siku hizi nikifika mahali siulizi kwanza model ya router. Namtafuta anayeshinda pale kila siku, mfagiaji, mlinzi, dada wa mapokezi, namuuliza yeye anaonaje, na anachosema nakiandika kama alivyokisema, hata kama kinanichekesha. Zaidi ya nusu ya kazi huwa imeishia hapo.

Ile nakala ninayo kwenye faili. Ina alama ya kidole chake pale kwenye mstari wa tatu. Utomvu wa bibo hautoki, na sijawahi kujaribu kuutoa.

Karibuni mchangie. Mliokwisha kupata tatizo linalopona fundi akifika, lieni nami hapa. Na wataalamu zaidi yangu mnirekebishe nilipokosea kwenye habari ya mawimbi na maji.

Ila wewe mwenye uzi wa juzi, nina swali moja tu. Yule dada wa mapokezi, umemuuliza anaonaje? Na alivyokujibu, uliandika?